Namba ya Mwisho Haijapatikana

Ujumbe wa sauti ulinikuta Baraka siku ya soko, nimesimama kwenye kibanda cha kuchajia simu nikisubiri betri ijae. Kijana mwenye kibanda ndiye aliyenisikilizisha. "Yaya, wewe ulifundisha hesabu. Sikia hii, halafu utuambie kama ni kweli." Akaweka simu juu ya meza, akapandisha sauti, na watu wakasogea: mama mmoja na beseni lake la ndagala, wavulana wawili wa pikipiki, mzee aliyekuwa amefuata sabuni duka la jirani.

Msemaji hakujitaja jina. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na sauti imetulia kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Kwa dakika nne alituambia kwamba Mmarekani amepata namba tasa ya mwisho duniani, ndefu hata ikiandikwa inatoka Uvira hadi Fizi. Kwamba aliipata kwa kanuni isiyokosea. Kwamba hakuna binadamu awezaye kuihakiki. Kwamba namba hiyo ndiyo ufunguo wa pesa zote za simu, kwa hiyo pesa zetu hazina tena mlinzi. Kwamba babu zetu wa Kongo walikuwa nayo kwenye mfupa, Wabelgiji wakaiiba. Na kwamba ukituma dola kumi utaandikishwa miongoni mwa watakaogawana zawadi ya namba inayofuata. Alipomaliza, mama wa ndagala akauliza: "Kwani hiyo namba ilikuwa imepotea wapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko ujumbe mzima. Siku ile nilijibu kwa mkato, betri ikajaa, nikaondoka. Lakini ujumbe umenifikia tena mara mbili kutoka kwa watu wa Fizi juu mlimani, na mmoja wao ameshaanza kutafuta hizo dola kumi. Basi nijibu dai baada ya dai.

Nianze na lililo kweli. Namba ipo. Tarehe 12 Oktoba 2024 ilihakikishwa kuwa ni tasa, na tarehe 21 ya mwezi huo ikatangazwa. Aliyeipata ni Luke Durant, mkazi wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA. Alikuwa ndani ya GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba za aina hii, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Namba yenyewe inapatikana hivi: chukua mbili zilizo 136,279,841 kwa idadi, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu moja katika kila kisanduku cha kaye ya hesabu, nusu sentimita kwa kila kisanduku, mstari wako utakuwa na urefu wa kilomita 205. Hapo msemaji wetu alipunja: mstari utatoka Uvira, utapita Baraka, utapanda hadi Fizi, na bado utakuwa na mkia mrefu wa kutafutiwa pa kwenda. Ukiamua kuzisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utafunga mdomo baada ya siku 475.

Na tasa maana yake nini? Sokoni kwetu samaki huuzwa kwa mafungu. Mama mwenye mikebuka 12 anaweza kuwapanga wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne au sita sita, na hatabaki samaki hata mmoja pembeni. Akiwa na 13, apange atakavyo, mafungu hayalingani. Atauza mmoja mmoja, au atauza wote kwa fungu moja. Namba ya namna hiyo ndiyo tasa, na ile ya Durant ni hivyo hivyo, ila samaki wake hawatoshi ziwani.

Sasa hilo neno "ya mwisho". Namba tasa hazina mwisho, na jambo hili halikugunduliwa jana. Euclid, Mgiriki wa Aleksandria kule Misri, alilimaliza yapata miaka 2,300 iliyopita, kwa hoja ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata. Tuseme mtu anakuja na mfuko, anaapa kwamba namba tasa zote za dunia zimo humo ndani. Usibishane naye. Zizidishe zote zilizomo, kisha ongeza 1. Namba utakayopata, ukiigawa kwa yoyote iliyomo mfukoni, inabaki 1. Kwa hiyo ama namba hiyo mpya yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa namba tasa ambayo haimo mfukoni. Vyovyote iwavyo, mfuko umepungukiwa, na mwenye kuapa aende zake.

Hapa hata walimu wenzangu huteleza, wakadhani hiyo namba mpya lazima iwe tasa. Siyo. 2 × 3 × 5 × 7, ongeza 1, ni 211, na kweli ni tasa. Lakini endelea hadi 11 na 13: unapata 30,031, na hiyo si tasa, ni 59 × 509. Euclid hakukosea, kwa sababu 59 na 509 zote mbili hazikuwamo mfukoni. Ishike hiyo 30,031, nitaihitaji nikifika kwenye pesa.

Kwa hiyo ya Durant ni kubwa kuliko zote zilizojulikana siku ilipotangazwa, basi. Kabla yake sifa hiyo ilikuwa ya namba iliyopatikana Desemba 2018, yenye tarakimu 24,862,048. Kati ya hizo mbili zimejaa namba tasa kupita kiasi cha akili kuhesabu, na ilipotangazwa ile kubwa hakuna aliyekuwa ametaja hata moja kati yake. Ni kama mtu aliyepiga kasia usiku mmoja kutoka rasi ya Ubwari hadi Kigoma, akasema ameona nyota mbili, moja kila upande wa ziwa.

Msemaji alipotaka kuonyesha ujuzi wake alizitaja namba tasa za mwanzo: "moja, mbili, tatu, tano." Moja haimo. Sisi wa Fizi tuna njia yetu ya kulikumbuka hili. Mwaka 1965 Wacuba walivuka ziwa kutoka Kigoma wakaingia Kibamba, pwani yetu hapa, na kwa kuficha majina walijiita kwa namba za Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che Guevara mwenyewe alikuwa Tatu. Wawili kati ya hao walipata namba tasa. Aliyewekwa kuwa mkuu wa kikosi hakupata.

Kwa nini Moja aachwe nje, naye hagawanyiki? Kwa sababu ya ukoo. Kila namba nzima kuanzia 2, kama yenyewe si tasa, ina wazazi tasa, na wazazi hao ni walewale daima. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, hata uanze kuichambua wapi: anza na 6 × 10 au na 4 × 15, mwishoni unafika nyumba ileile. Ukiikubali 1 iwe tasa, ukoo unavurugika, maana unaweza kuibandika mara moja, mara kumi, mara elfu, na 60 haibadiliki. Wanahisabati wakaona heri kumtoa mmoja kuliko kuvuruga nasaba ya wote.

Neno lenyewe lina kichekesho chake. Shuleni kwetu hesabu husomwa kwa Kifaransa, na namba hizi huitwa "za kwanza". Mimi neno "namba tasa" nililisikia ng'ambo, upande wa Kigoma. Tasa ni asiyezaa. Yule mzee wa sabuni aliposikia neno hilo alicheka: namba gumba, ya nini kuitafuta? Lakini ni hizo gumba ndizo zilizozaa namba nyingine zote. Hata hii ndefu ya Durant haikukaa bila mtoto. Euclid alishaonyesha kwamba kila namba tasa ya mtindo huu, yaani mbili nyingi zilizozidishwa kisha ikatolewa 1, inazaa namba kamilifu, iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. 3 inazaa 6, na 6 ni 1 + 2 + 3. 7 inazaa 28, nayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Ya Durant ilipozaliwa ilikuja na namba kamilifu yenye tarakimu zaidi ya milioni 82.

Tuje kwenye kanuni isiyokosea. Zidisha mbili, toa moja. Mbili mbili zikizidishwa toa 1 ni 3. Tatu, ni 7. Tano, ni 31. Saba, ni 127. Zote tasa, na idadi ya zile mbili nayo kila mara ni tasa. Mtu yeyote angeamini amepata mashine. Endelea na 11: unapata 2,047, nayo ni 23 × 89. Mashine imekwama kwenye hatua ya tano tu.

Aliyejulikana sana kwa namba hizi ni mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, na ndiyo sababu zinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya zipi ni tasa hadi mbili 257. Orodha ilikuwa na makosa matano: aliweka mbili zisizo tasa, akasahau tatu zilizo tasa. Moja ya zile alizokosea ni mbili 67 toa 1. Mwaka 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni, akaandika 147,573,952,589,676,412,927. Kisha upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawasawa. Inasimuliwa kwamba hakusema neno hata moja, akarudi kuketi, na ukumbi ukapiga makofi. Huo ndio ukanushaji ninaoutamani, na ambao kwa ulimi wangu huu siuwezi.

Kama kanuni ingekuwa haikosei, mradi wa GIMPS usingekuwa na kazi. Kuanzia 1996 hadi 2024, kwa maelfu ya kompyuta, ulipata namba 18 tu za aina hii.

Dai kwamba hakuna binadamu awezaye kuihakiki ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu linamfanya msikilizaji akunje mikono. Ni kweli huwezi kuigawa namba ya tarakimu milioni 41 kwa namba moja baada ya nyingine, dunia itakwisha. Lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alipata njia ya mkato, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akaisafisha miaka ya 1930. Njia hiyo nimeifanya kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, mke wangu akanifanya niufute. Tazama kwa 31, ambayo ni mbili tano toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: ni 14. Tena: 14 × 14 ni 196, toa 2 ni 194, gawa kwa 31, baki ni 8. Tena: 8 × 8 ni 64, toa 2 ni 62, gawa kwa 31, baki ni sifuri. Hatua ni pungufu mbili ya idadi ya zile mbili: tulikuwa na mbili tano, tumekwenda hatua tatu. Ukifika hatua ya mwisho na baki ni sifuri, namba ni tasa. Ikiwa baki ni kitu kingine chochote, si tasa. Hakuna "labda".

Kwa ile ya Durant hatua ni 136,279,839, na kila hatua ni kuzidisha namba ya mamilioni ya tarakimu kwa yenyewe, ndiyo maana panahitajika kompyuta. Ila kazi ni ileile ya ukuta wa jikoni. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye mashine iliyoko Dublin, Ireland, tarehe 11 Oktoba. Siku iliyofuata mashine nyingine ya San Antonio, Texas, ikafanya jaribio la Lucas na Lehmer, ikapata sifuri. Baada ya hapo wengine wakalirudia kwa programu tofauti na mashine tofauti, kabla ya kutangazwa.

Na yako mambo unayoweza kuyajua wewe mwenyewe, bila mashine, juu ya namba ambayo hutaiona yote maishani. Tarakimu yake ya mwisho ni ngapi? Zidisha mbili: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tazama mikia: 2, 4, 8, 6, halafu tena 2, 4, 8, 6. Inazunguka kila baada ya nne. Gawa 136,279,841 kwa 4, baki ni 1. Kwa hiyo mkia ni wa kwanza katika mzunguko, 2. Toa 1. Namba kubwa ya Durant inaishia na 1. Nilipowaonyesha hivyo wale wavulana wa pikipiki, mmoja alirudia kwa vidole vyake mara mbili, akaniangalia kama niliyetoa sungura kwenye kofia.

Sasa pesa. Hapa Baraka, asiye na pesa kwenye simu ni nadra. Ndugu aliye ng'ambo anatuma kwa simu, ada ya shule inalipwa kwa simu, mvuvi analipwa kwa simu kabla nyavu hazijakauka. Kwa hiyo mtu akisema ufunguo wa pesa za simu umepatikana Marekani, watu wanashtuka, na wana haki.

Kuna ukweli mdogo chini yake. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni kufuli ya hesabu inayotumia namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa pamoja. Zao lake unalitangaza kwa kila mtu. Zile mbili unazificha. Nguvu yake ni hii: kukuambia 59 × 509 ni 30,031 ni kazi ya dakika moja, lakini kama ningekupa 30,031 peke yake na kukuuliza wazazi wake, ungehangaika jioni nzima. Sasa badala ya tarakimu tano weka tarakimu 617, ambazo ni kipimo cha kawaida cha kufuli hizi. Kwenye intaneti kufuli za jamaa hii zimelinda mengi, mabenki yakiwamo.

Lakini namba tasa za kwenye kufuli zina tarakimu kama 300 hivi, si milioni 41. Na sharti lake la kwanza ni siri. Kila kufuli inachaguliwa zake kwa bahati nasibu. Ile ya Durant imetangazwa dunia nzima, na mimi nimekuandikia hapo juu jinsi ya kuitengeneza. Kuifanya ufunguo ni sawa na kufunga duka kisha kutundika ufunguo mlangoni. Wala tusihofu kwamba za kuchagua zitakwisha. Kadiri namba zinavyokua, tasa zinakuwa adimu, ila si adimu sana: chini ya 100 ziko 25, chini ya 1,000 ziko 168, na kwenye namba za tarakimu 300, kati ya kila 700 hivi moja ni tasa. Idadi ya namba tasa za tarakimu 300 yenyewe ni namba ya tarakimu karibu 300.

Namba yako ya siri, ile ya tarakimu chache unayobonyeza ukituma pesa, si namba tasa wala haihusiki kabisa. Hata kadi ya simu inajitambulisha kwa mtandao kwa njia nyingine, kwa siri moja iliyowekwa ndani ya kadi na nakala yake ikabaki kwa kampuni. Wezi wa pesa za simu hawavunji hesabu. Wanapiga simu wakisema umetumiwa pesa kwa makosa, rudisha. Au wanajifanya wahudumu, wanakuomba namba ya siri, nawe unawapa. Dhidi ya hao Euclid hana msaada.

Zawadi. GIMPS huwapa wagunduzi wake dola 3,000. Durant alisema zake zitakwenda kwa shule ya sekondari ya hisabati na sayansi ya Alabama. Liko pia shirika la Marekani, EFF, lililoahidi dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza itakayofikisha tarakimu milioni 100; ya Durant haifiki hata nusu. Kujiunga na GIMPS ni bure. Hakuna ada, hakuna orodha ya kugawana. Na Durant alitumia maelfu ya vichakato vya kukodi katika nchi 17. Simu iliyochajiwa kwa franga kwenye kibanda cha Baraka haitashindana nayo, hata ukitoa dola kumi mara kumi. Anayekuomba dola hizo anatafuta dola hizo.

Mzee wa sabuni alikuwa na dai lake mwenyewe, na aliniambia usoni: kama haifungui pesa na haitoi zawadi, basi haina kazi. Mzee wangu, kazi ilijitokeza ambako haikutazamiwa. Mwaka 1994 mwalimu mmoja wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, alikuwa akikokotoa namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili, akaona kompyuta inampa majibu yasiyolingana. Alitafuta kosa lake miezi kadhaa. Kosa lilikuwa ndani ya kichakato cha Pentium chenyewe: kilikuwa hakijui kugawanya vizuri. Kampuni ya Intel ililazimika kubeba hasara ya dola milioni 475. Mwaka 2016 programu ya GIMPS ikafichua tena kasoro katika vichakato vipya vya kampuni ileile. Kazi ngumu ya namba tasa inaipima kompyuta kama mlima wa Fizi unavyoipima pikipiki.

Nimebakiza mfupa, na hapa naenda polepole, kwa sababu naelewa kwa nini watu wanaupenda.

Mfupa upo. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua Ishango, Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una urefu wa sentimita kama 10, rangi ya kahawia, na kipande cha jiwe jeupe kwenye ncha. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Juu yake kuna mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Ukiiona mara ya kwanza unasisimka, nami nilisisimka.

Ila soma safu ya pili: 9, 19, 21, 11. Jumla yake nayo ni 60, lakini 9 na 21 si tasa. Hapo panaonekana mpango mwingine: 10 toa 1, 20 toa 1, 20 ongeza 1, 10 ongeza 1. Safu ya tatu ina 3 karibu na 6, 4 karibu na 8, kama mtu anayezidisha kwa mbili. Wengine, kama Alexander Marshack, waliona humo hesabu ya siku za mwezi. Aliyekata mikato ile hakuacha 2, 3, 5, 7 kwa mfuatano, wala hakuendelea hadi 23. Kusema alijua namba tasa ni kumtilia maneno kinywani marehemu ambaye hawezi kukanusha. Na kusema alikuwa na namba ya Durant, yenye tarakimu milioni 41, kwenye mfupa wa sentimita 10, ni dhihaka kwake.

Wakati huohuo sikubaliani na wale wanaocheka upande wa pili, wanaosema hesabu ilikuja kwetu ndani ya mkoba wa mmisionari. Mtu wa Ishango alihesabu, akapanga, na safu zake mbili zikatoka na jumla moja. Hiyo inatosha, haihitaji kuongezwa chumvi. Kuhusu wizi: mfupa ulichimbwa wakati wa ukoloni, ukapelekwa Brussels, na uko huko mpaka leo katika taasisi ya kifalme ya sayansi za asili. Anayetaka urudi Kongo ana hoja nzuri, na nitaitia sahihi yangu. Hoja hiyo isichanganywe na uzushi wa simu.

Nawe ndugu yangu wa mlimani unayetafuta dola kumi, nunua kaye na kalamu, zitakazobaki nunua ndagala. Kisha lijaribu jaribio la Lucas na Lehmer kwa 127, mbili saba toa 1, hatua tano. Ukianza na 4 utapata 14, 67, 42, 111, na mwisho sifuri. Ukimaliza, lijaribu kwa 2,047, hatua tisa. Sifuri hutaiona. Ukiwa hujakosea popote, hatua ya mwisho itakupa 1,736.